Dirisha la Mla Nzi

Nasrin alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kulipia mboga, akaniambia mama yake amefariki asubuhi ile, na kabla sijampa pole akaongeza, "Na kuna ule mmea, Moraa. Sijui niufanyeje ule mmea." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa haraka ya mtu anayeshika chochote kilicho karibu asianguke. Niliacha kikapu pale pale sakafuni, na vitunguu na mchicha ndani yake, nikatoka nje. Novemba ya Toronto haina hata adabu ya kuleta theluji. Ni upepo tu na majani yaliyooza, na anga lenye rangi ya sufuria kuukuu. Nilisimama kando ya gari langu nikalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu, na watu waliokuwa wakisukuma vitoroli wakanipisha. Nilikuwa namlilia Mama Guli, mwanamke aliyenipangisha chumba kibovu kuliko vyote nilivyowahi kulala. Lakini katikati ya kilio hicho nilikuwa pia nauwaza ule mmea, kwamba baridi imeshaingia na huenda hakuna aliyekumbuka kuuhamishia dirishani.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimepita thelathini, nina uuguzi niliousomea Kenya ambao Toronto haikuwa imeukubali bado, na sanduku ambalo sikuwahi kulifungua lote. Nilikuwa kiguu na njia. Nilikaa Parkdale katika chumba cha chini ya ardhi na wanawake wengine watatu, tukipikia zamu. Nikahama kwa sababu ya mlango uliokuwa ukibamizwa. Nikakaa juu ya duka la samaki. Nikahama kwa sababu ya samaki. Kila mahali nilipata kisa. Mwenzangu mmoja wa kanisani alinitania kwamba hata malaika wangu mlinzi amechoka kubeba virago. Nilicheka, lakini jioni nilijikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kama mtu aliyeko stesheni. Hadi leo nikiona mtu ameketi na koti nyumbani mwake namjua.

Tangazo la chumba cha Mama Guli nililiona kwenye chumba cha kufulia nguo katika jengo moja la ghorofa nyingi Flemingdon Park, nilikokwenda kumsalimu mtu. Nilipiga simu nikaanza kujieleza kwa Kiingereza changu cha Kisii. Yule mama aliniacha niende kidogo, kisha akaniuliza, "Wewe wa wapi?" Nikasema Kenya. "Basi sema Kiswahili, mwanangu, mbona unanitesa?" Alikuwa Mhindi wa Tanga, Mwismaili, mjane, mfupi, na nywele alizozifunga kwa nyuma hadi nyusi zikapanda. Siku ya kwanza niliingia na "Habari yako, Mama." Alisimama mlangoni asinipishe. "Shikamoo iko wapi? Nyinyi Wakenya mmelelewa na nani?" Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba kwa raha zote, akanikalisha jikoni na sahani ya mbaazi za nazi kabla hata sijaonyeshwa chumba. Nadhani alifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyeshiba mbaazi zile hawezi kulalamika. Chumba kilikuwa na dirisha bovu. Fremu ilikuwa imepinda, upepo ukiingia kwa mluzi, na hita ya ukutani ilikoroma tu bila kutoa joto. "Msimamizi wa jengo atakuja," alisema Mama Guli. Aliendelea kusema hivyo kwa muda wote niliomjua. Niliziba nyufa kwa magazeti na kanga, nikaweka sanduku chini ya kitanda, nikajiambia ni mwezi mmoja tu.

Binti yake Nasrin alikuwa bado anaishi pale wakati huo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anafanya kazi ofisini, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kula akiwa amesimama. Mama yake alimsemesha Kiswahili, naye akajibu Kiingereza, na mazungumzo yakaenda vizuri tu kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta. Ni yeye aliyeleta ule mmea, siku moja ya Septemba, katika chungu kidogo cha plastiki. Ulikuwa na vinywa, siwezi kuvieleza kwa namna nyingine: vinywa vya kijani vyenye meno pembeni, ndani vyekundu kama fizi. Nzi akitua na kugusa vinyweleo vya ndani, kinywa kinafumba. Mara ya kwanza kilipofumba mbele yetu, Mama Guli alipiga yowe akapanda kiti. Nasrin alicheka hadi akashika tumbo, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka mwaka ule. Mama akaupa jina Mla Nzi, na tangu hapo tukawa tunausema kama mtu.

Ugomvi wao niliusikia nikiwa chumbani, Oktoba, kuta zikiwa nyembamba. Mama Guli akigomba alianza kwa Kikachi, lugha ya wazee wake, akapita kwenye Kiswahili, na ukisikia Kiingereza ujue mambo yameharibika. Safari hii alikwenda Kiingereza akarudi. Nasrin amepata kazi Vancouver na anataka kwenda kukaa peke yake. Mama anasema msichana hatoki kwao peke yake, anatoka na mume au anatoka na jeneza. Nasrin akasema kitu cha chini ambacho sikukisikia. Kisha nikasikia Kiswahili, wazi kabisa: "Ukitoka mlango huo, usirudi!" Halafu magurudumu ya sanduku kwenye vigae, na mlango ukafungwa polepole, jambo lililonitisha kuliko kama ungebamizwa. Nilikaa nimeshika kitasa cha mlango wangu, sijui kama nitoke au nijifanye nimelala. Nilipotoka nilimkuta Mama Guli amesimama jikoni na mwiko mkononi, anautazama Mla Nzi kwenye kizingiti cha dirisha.

"Amemwacha," alisema. "Umeona? Kachukua hata mswaki, lakini huyu kamwacha." Nikamwambia labda amesahau. Alinigeukia kwa ukali. "Mtu hasahau kitu chenye uhai. Kamwacha kwa sababu atarudi kumchukua." Akavuta kiti akaketi, sauti ikashuka. "Nimesema neno baya, Moraa. Na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini huyu akiwa hai, atarudi." Tangu jioni ile ikawa imani yake, na kwa kuwa nilikuwa nakula mezani kwake, ikawa na mimi yangu nusu. Mla Nzi alipaswa kuvuka baridi hadi Navroz, sikukuu yao ya mwaka mpya mwezi wa Machi, ambayo Nasrin hakuwahi kuila mbali na nyumbani. Akifa, binti hana la kurudia.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa namna ambayo watu wa hapa wasingekosea. Tuliutazama ule mmea wa ajabu, wenye meno na fizi na uchu wa nyama, na wala haikutupitia akilini kwamba unaweza kuwa wa mahali pengine ila kwetu au jirani na kwetu. "Huyu ni mtu wa joto kama sisi," alisema Mama Guli. "Tazama, hata rangi yake si ya huku." Basi tukamhurumia kama tulivyokuwa tukijihurumia. Tukamweka juu ya hita ya jikoni, ile pekee iliyokuwa na joto la maana. Mama akamfunga chungu kwa kitambaa cha sufi. Akamnywesha maji vuguvugu ya bomba kutoka kwenye birika. Na kwa kuwa nzi hakuna Novemba, na mgeni hawezi kukaa kwa Mama Guli bila kula, akawa anambandikia kinywani kima cha sambusa, chenye chumvi, tangawizi na pilipili kidogo. "Kidogo tu," alijitetea nilipomkuta. Na mimi, muuguzi niliyesomea lishe, nilisema jambo moja tu: pilipili apunguze.

Kila asubuhi, akishamaliza dua zake, alichukua njiti ya kiberiti akagusa kinywa kimoja aone kama kitafumba. Kikifumba, uso wake ulikunjuka. "Yu hai," ananitangazia, na mimi natikisa kichwa na kikombe cha chai mkononi. Halafu anachukua simu ya mezani na kumpigia Nasrin, na Nasrin hapokei, na Mama anaiachia mashine ujumbe ule ule: "Nasrin, umekula? Huko mvua, usitoke bila sweta. Umekula lakini?" Jioni tena. Wakati mwingine mchana, akidhani labda mchana atampata. Nilikuwa nasikia ile sauti ikipanda na kushuka nyuma ya ukuta, haitulii, na mimi kwa upande wangu situlii, kwa sababu rafiki yangu mmoja aliyekuwa Edmonton alikuwa amenieleza kwamba kule kazi zipo na nyumba zina joto. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Mtu mmoja akitembea huku na huku jikoni, mwingine chumbani akikunja na kukunjua nguo, ile fleti ilikuwa kama banda la kuku walioona nyoka.

Mwanzoni mwa Desemba vinywa vilianza kuwa vyeusi. Kilianza kile cha sambusa, kikaoza na kunuka. Kisha jirani yake. Vilivyobaki vililegea, ukivigusa vinafumba nusu kama mtu anayeitikia salamu kwa kulazimishwa. Mama Guli aliacha kula, akawa anatengeneza chakula anakitazama. Nilikuwa nimemwambia Jumatatu ile kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Hakunizuia. Aliniomba tu, "Kabla hujaenda, mpeleke dukani wakamtazame. Mimi nitalia mbele za watu." Basi nikamfunga Mla Nzi ndani ya koti langu, nikapanda basi la Don Mills hadi kwenye jumba la maduka lililokuwa na muuza maua.

Aliyekuwepo ni msichana mwenye mafua, pua nyekundu. Aliutazama mmea, akautazama uso wangu. "Mnamweka wapi?" Juu ya hita, nikasema, asipate baridi. "Mnampa maji gani?" Ya bomba, ya moto kidogo. "Na chakula?" Nikamwambia sambusa. Akaniuliza sambusa ni nini, nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikia upuuzi wetu. Hakucheka. Alinieleza kwamba mmea ule si wa Afrika hata kidogo, asili yake ni Marekani, mahali penye majira yake ya baridi, na baridi ikija unatakiwa kulala. Usipolala unachoka na kufa. Muweke dirishani penye ubaridi, alisema, pasipo barafu, penye mwanga. Usimlishe. Maji ya mvua au ya theluji tu, kwa sababu ya bomba yana chumvichumvi inayomuua. Atakuwa mweusi karibu wote, na msidhani amekufa. "Na acheni kumgusa," alisema akipangusa pua. "Kila kinywa kinaweza kufumba mara chache tu maishani mwake. Mkikifumbisha bure, mnamchosha."

Nilirudi nikamweleza Mama Guli hayo yote jikoni, nikiwa bado na koti. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya meza. "Nimwache na njaa," alisema. "Nimweke kwenye baridi. Nisimguse." Nikasema ndivyo. "Huo ndio ulezi?" Alisema kama aliyetukanwa. Nikamwambia mimi nimetumwa tu, naleta majibu. Macho yake yakaenda kwenye simu pale kwenye meza ndogo. Akaitazama muda mrefu hadi nikaanza kuona haya kuwepo. "Na simu nayo?" aliuliza. Nikamwambia, "Mama, mimi nimezungumza mambo ya mmea." "Najua ulichozungumza," alisema.

Ikabaki kupata mahali pa kumlaza. Roshani ingemgandisha. Friji, ambayo msichana aliitaja kama watu wengine wanavyofanya, Mama aliikataa kabla sijamaliza sentensi; hakuwa tayari kumlaza mtu wa Nasrin kando ya achari. Tukatembea nyumba nzima tukipima dirisha moja moja kwa kiganja, na tukafika chumbani kwangu, tukasimama mbele ya lile dirisha langu bovu, upepo ukiimba mluzi wake. Sote wawili tulijua. Nilikuwa nimelalamikia dirisha lile tangu siku niliyoingia, nilikuwa nahama kwa sababu yake, na sasa ndilo dirisha pekee Flemingdon Park nzima lililofaa. "Ukiondoka," alisema Mama Guli bila kunitazama, "atakayekuja atataka joto. Atataka lizibwe." Nikamwambia nitakaa hadi Machi. Hadi Machi tu, nikarudia, nikavuta zile kanga na magazeti kutoka kwenye nyufa. Baridi iliingia kama mwenye nyumba.

Sijawahi kuhisi baridi kama ile. Nililala na soksi jozi mbili na kofia, na Mama Guli kwa aibu akanizidishia blanketi na supu. Kila asubuhi alibisha mlango, nikamkaribisha, akaja kusimama mbele ya dirisha akiwa ameshika mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, chini ya shali, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vyombo. Anatazama. Anaondoka. Na simu aliifunika kwa kitambaa cha jikoni na kuipandisha juu ya friji, mahali asipofika bila kiti. Mara mbili nilimkuta amekwisha kusogeza kiti. Mara zote mbili alisema alikuwa anatafuta iliki.

Theluji ilipoanguka ya kwanza yenye kina, alinipa sufuria na mwiko akaniambia twende roshani. Tukatoka tumevaa makoti juu ya madera, chini yetu bonde la Don limekuwa jeupe tupu na mabasi yanatambaa. Nikachota theluji ya juu, iliyo safi, Mama akielekeza. "Hapo pana uchafu. Hapo. Usichimbe." Tulipoirudisha ndani ikayeyuka, akaichuja kwa kichujio cha chai, na sufuria nzima ikatoa maji kikombe kimoja. Ndipo nikakumbuka, nikamtania. "Mama, si ulisema maji yakimwagika hayazoleki? Huku yanazoleka. Tena kwa mwiko." Alinitazama, nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akacheka, akacheka hadi akakaa kwenye stuli, machozi yakamtoka, na sikujua ni wapi kicheko kiliishia na kitu kingine kikaanza. "Wewe Moraa," alisema akijipangusa, "wewe huna adabu kabisa." Akamnywesha Mla Nzi kile kikombe kidogokidogo, kwa kijiko.

Januari ikapita, Februari ikawa ndefu kama kawaida yake. Vinywa vyote vilikuwa vyeusi sasa, nikavikata kwa mkasi wa kucha, kikabaki kitunguu kidogo cha kahawia katikati ya udongo. Niliamini kimekufa. Rafiki yangu wa Edmonton aliniuliza mara ya mwisho kama naja, nikamwambia nina mgonjwa, na kwa kuwa mimi ni muuguzi hakuuliza zaidi. Asubuhi moja nilimwambia Mama Guli kwa upole kwamba pengine tungoje duka lilete mingine, tununue wa kufanana naye, Nasrin hatajua. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa. "Nimpe mtoto wa mwenzie nimwambie ni wake?" Mtu anaweza kuwa na baridi, hasira na aibu kwa wakati mmoja, nilijifunza mwezi ule.

Siku ya Navroz alirudi kutoka jamatkhana, mahali pao pa ibada, akiwa amevaa sari ya kijani. Akapanga meza: lozi, zabibu kavu, halua, mayai, biriani iliyofunikwa, na sahani tatu. Hatukuambiana sahani ya tatu ni ya nani. Tulikaa. Lifti ya jengo ilikuwa na kengele iliyosikika hadi jikoni, na kila ilipolia alinyoosha mgongo, kisha tukasikia hatua zikienda mlango mwingine. Biriani ikapoa. Hatimaye aliondoa mfuniko, akanipakulia mimi, akaanza kujipakulia yeye, kisha akaweka kijiko chini. "Nimemfukuza mwanangu, Moraa," alisema. "Hakuna aliyemchukua. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu." Nilizunguka meza nikamkumbatia, naye alikuwa mdogo sana ndani ya ile sari, na sikupata methali hata moja ya kumfaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa mzazi. Nilimshika tu.

Wiki iliyofuata, nikifunga sanduku kwa kuwa Machi ilikuwa inaisha, niliona kitu dirishani. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba nilidhani ni uzi. Jani, la kijani, limejikunja, na kwenye ncha yake kinywa kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, kimefumbwa bado, kina meno. Nilipiga kelele. Mama Guli alikuja mbio na unga wa chapati hadi kwenye viwiko, akainama, mikono nyuma ya mgongo, na sare yangu mpya ya kazini ikapata unga wote. Tulikuwa bado tumeinama hivyo, siku hiyo au ya baada yake, sina hakika tena, kumbukumbu zangu zimeziunganisha, simu ilipolia juu ya friji. Nilipanda kiti mimi, nikaishusha. Mama, kwa mikono yake ya unga, akabonyeza kitufe cha sauti ya nje kwa kiwiko.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Nasrin, na ilikuwa na hofu. "Mbona umenyamaza? Unaumwa?" Na Nasrin, ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili hata cha kuomba chumvi, akasema, "Mama, umekula?" Mama aliinamia simu. "Nimekula, mwanangu. Na wewe?" Niliwaacha, nikaenda kukaa chumbani, nikatoa viatu.

Alikuja Mei, kwa juma moja. Mama alipika kuku wa nazi na mikate ya kumimina na vitu ambavyo sikuwa nimeviona msimu mzima. Hawakuombana msamaha mbele yangu. Walizungumzia bei ya ndege na mvua ya Vancouver, na Mama alimpakulia mara tatu. Mla Nzi alikuwa amerudishwa jikoni, kwenye jua, ana vinywa vinne vilivyo wazi. Mama alikuwa amemgeuza chungu upande mzuri. Nasrin aliinuka kuchukua maji, akauona, akasimama. "Mzuri," alisema. "Mmeununua lini?" Nilimtazama Mama Guli, naye akasema kwa utulivu kabisa, "Ni wa humu ndani." Akampa Nasrin bilauri ya maji.

Baadaye, Nasrin akiwa ametoka kuwaona rafiki zake, nilimsaidia Mama kuosha vyombo na sikuweza kujizuia. Nimelala na kofia majira mazima ya baridi, nilisema, nimeacha kazi Edmonton, na hata hakumbuki! Mama Guli alisuuza sahani, akaiweka. "Anajifanya," alisema. "Alipomwona alishika kiti. Hukuona? Alishika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto. Mwanangu mimi namjua." Nikasema sawa, Mama. Nilisema kwa ile sauti tunayowapa wagonjwa wazee, nikifikiri moyoni kwamba mzazi hawezi kukosa cha kujifariji. Sikulitaja tena, wala yeye. Na sanduku nililifungua, sijui kwa nini hasa, nguo zote zikaingia kabatini. Nilikaa kwa Mama Guli hadi nilipoolewa, na baridi zote zilizofuata Mla Nzi alilala dirishani kwangu, na nilipoondoka chumba hakikupangishwa tena. Nasrin akawa anakuja kila Navroz.

Baada ya mazishi nilikwenda fletini. Wanawake walikuwa jikoni na birika kubwa la chai, wakiongea kwa sauti za chini kwa Kigujarati na Kiingereza, na kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na alama ya mviringo ya chungu. Nasrin alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba changu cha zamani. Dirisha lilikuwa lile lile. Mla Nzi alikuwa pale, amehamishwa, ameanza kuwa mweusi pembeni kama inavyotakiwa. "Alimhamisha mwenyewe wiki iliyopita," alisema Nasrin. "Hakuwa na nguvu ya kusimama, lakini alimhamisha." Ana mvi sasa na yeye. Alifunga mlango nyuma yetu.

"Niliuacha makusudi," alisema. "Siku ile. Nilikuwa nimeushika mkononi, nikaurudisha dirishani. Nilijiambia nikiacha kitu kinachohitaji maji, sitaweza kukaa mbali kabisa." Aliongea kwa Kiingereza, haraka haraka, akitazama ukuta. "Kisha nikakaa miezi yote ile kwa kiburi, sikupokea hata simu. Nikajua umeshakufa. Na nilipokuja nikaukuta hai, Moraa, mkiwa mmeutunza kama mtoto, niliona aibu. Nikajifanya siujui. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kisha mwakani." Akashika uso. "Amekufa akidhani niliusahau."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba jibu lake nikilidhania ni faraja ya mzee. "Nasrin," nikasema, "ulishika kiti."

"Kiti gani?"

"Cha jikoni. Ulipouona. Ulishika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto. Mama yako aliniambia jioni ile ile, tukiosha vyombo. Alisema, anajifanya. Alisema, mwanangu mimi namjua."

Alikaa kwenye kitanda changu cha zamani, polepole, kama mtu anayepima kama kitambeba. "Alijua?" aliuliza, kwa Kiswahili. Nikamwambia alijua. "Na hakuniuliza?" Nikamwambia, "Hakutaka kukugusa." Hapo alilia, na mimi pia, na mwanamke mmoja akafungua mlango akatutazama akaufunga, akatuacha.

Nyumba yangu iko Don Mills siku hizi, na madirisha yake hayapitishi hata harufu ya mvua. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Mla Nzi atakuja kwangu, na kwamba chumba cha wageni kitakaa na dirisha wazi kidogo hadi Machi, na mume wangu aseme atakavyosema. Nasrin alinisindikiza hadi kwenye gari, akamfunga Mla Nzi mkanda kwenye kiti cha mbele, mikono yake ikimzunguka bila kumgusa. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza. Niliendesha hadi nyumbani nimezima hita ya gari, meno yakigongana.